Mtungaji Hajulikani

Chuo Kikuu, Uingereza
18 Oktoba 1955

Mpendwa Baba,

Nakusalimu sana, wewe na Mama na wote wanaokaa karibu na moto wenu. Mimi sina ugonjwa ila baridi, na baridi ya huku nimeshaihesabu kuwa jirani tu. Kifua chako je? Mvua imefika Ngoliba, au bado Mama anatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine?

Huu ni mwaka wangu wa tatu na wa mwisho, na kabla ya jambo lolote nataka nikushukuru. Kila Jumatatu tuna darasa la kuchambua nyimbo. Profesa hupiga kipande mara moja kwenye piano, kisha hutuuliza kila sauti imepita wapi. Wenzangu hutazama karatasi. Mimi hufumba macho nikasikia do, re, mi, vile ulivyotufundisha solfa nyuma ya kiwanda cha kahawa, ukitupigia wakati kwa kijiti cha kusawazishia debe. Nilipofika hapa sikujua hata nota moja ya mistari mitano, na usiku wa kwanza nililia. Sasa nazisoma, lakini kichwani bado nazigeuza ziwe solfa yako kwanza.

Kwenye kupatanisha sauti nne bado napigwa kalamu nyekundu. Kanuni ya hapa inakataza sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa hatua tano. Do na so zikisimama pamoja, zisiondoke pamoja kwenda re na la. Nilimwambia Profesa kwamba akina mama wa kwetu huimba hivyo kutwa nzima na hakuna aliyewahi kuumia. Alicheka sana, na alama akanikata vilevile.

Sasa imebaki kazi kubwa, ya kutunga. Kila mmoja wetu atoe kipande cha dakika kumi na mbili, cha waimbaji na fidla, kabla ya Machi. Bila kipande hicho hakuna digrii, na bila digrii ile nafasi ya kufundisha muziki chuo cha walimu huko Thika nitaisikia tu kwa watu. Nimeamua kukijenga juu ya ule wimbo wa kupura mbaazi. Naukumbuka nusunusu. Niandikie kwa solfa, tafadhali, wote kama ulivyo.

Mwanao,
Mbaluka


Shamba la kahawa, Ruiru
20 Novemba 1955

Mwanangu Mbaluka,

Salamu zako zimefika zikiwa bado na joto. Sisi tu wazima. Kifua changu kinakohoa asubuhi kwa desturi tu, kama jogoo. Mama yako anasema ule, na ukishakula ule tena.

Naendelea kukuandikia kwa Kiswahili. Barua za Kikamba hulala mwezi mzima kwa hao wanaofungua barua za watu tangu Hali ya Hatari ianze, maana msomaji wao wa Kikamba ni mmoja na macho yake si mazuri. Hapa Ruiru kwaya imepungua. Simeon Githinji, besi wetu, amehamishwa na jamaa zake hadi kijiji kipya chenye handaki na uzio, na kuja mazoezini ni lazima awe na karatasi ya ruhusa. Jumapili tunaimba sauti tatu, ya nne tunamwachia Mungu aijaze.

Wimbo wako niliufuata mwenyewe. Jumamosi nilipanda gari la moshi hadi Thika, nikamalizia kwa baiskeli mpaka Ngoliba, nikamkalisha shangazi yako Syombua chini, nikamwambia aimbe wimbo wake pole pole niuandike. Alitaka kujua sababu. Nilipomwambia kuwa unaupeleka mbele ya maprofesa, alienda kunawa uso, akarudi kuimba. Mara tatu, bila kubadilisha hata pumzi.

Nimekuandikia yote nyuma ya karatasi hii. Angalia vizuri ule mwisho. Unamjua dada yangu: mtunzi na kiongozi wa nyimbo kama yeye, ngui, hatungi wimbo bila kujitaja ndani yake, na anayeuimba baada yake humtaja, hata kama anaimba akiwa peke yake shambani. Kwa hiyo pale mwishoni fimbo zote hubaki juu, hazipigi mbaazi, mpaka amalize kusema, "Ni mimi Syombua, mtoto wa Mbaluka." Amesema usiharakishe hapo, kwenye jina la babu yako.

Baba yako,
Munyao


Chuo Kikuu, Uingereza
26 Februari 1956

Mpendwa Baba,

Habari za huko? Mimi ni mzima kupita kiasi, sijalala vizuri siku tatu kwa furaha. Nisamehe kwa kimya cha miezi hii. Nilikuwa nimezama ndani ya kazi mpaka shingoni.

Baba, imeimbwa! Alhamisi iliyopita, katika ukumbi wa chuo, waimbaji ishirini na wanne na fidla sita. Profesa aliniambia kuwa tuni ile ni ya ajabu, inapanda pale sikio linapongoja ishuke. Wazungu walipiga makofi, na bibi mmoja mzee alinishika mkono akauliza tuni kama hizo tunazo ngapi.

Kazi haikuwa rahisi. Wimbo una mafungu manane ya mapigo, yanakaa sawa, manne kwa manne. Lakini ule mwisho ni mafungu matatu, na matatu hayo yaliniharibia hesabu yote. Kila nilipotaka kuugeuza au kuupitisha kutoka sauti moja hadi nyingine, mkia ule ulijikwaa mlangoni. Profesa alinishauri niukate, na nilipoukata kila kitu kikalala mahali pake. Naambatisha karatasi ya tamasha. Chini ya jina langu imeandikwa kwa Kiingereza: "Juu ya wimbo wa kale wa Wakamba, mtungaji hajulikani."

Naomba uwasomee watu wote shukrani zangu. Namshukuru Mchungaji Kang'ethe aliyeniandikia barua ya kwanza. Nawashukuru wanakwaya wa Ruiru walionichangia koti, na Mama aliyeuza mbuzi wake akasema amepotea. Nakushukuru wewe uliyenipa masikio. Sina cha kuwalipa. Mungu awaongezee.

Mwanao mwenye furaha,
Mbaluka


Ruiru
8 Aprili 1956

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi hatujambo kwa mwili.

Barua yako niliibeba hadi nyumbani Sikukuu ya Pasaka, nikaisoma mbele ya watu baada ya chakula. Mchungaji Kang'ethe alikuwepo. Mama yako alikuwa na shangazi yako upande mmoja na Kalondu, yule anayemwitikia shangazi yako nyimbo, upande wa pili. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri, na kila jina la shukrani lilipotajwa watu walimgeukia mwenyewe. Mama yako alilia kwa ajili ya yule mbuzi. Shangazi yako alikuwa amefunga kitambaa kipya na alikaa wima, akingoja.

Nilipomaliza majina aliniambia niendelee. Nikasema yamekwisha. Akauliza kama kwenye ile karatasi ya wazungu kuna jina. Mimi, kwa upumbavu wangu wa karani, nikasoma kilichoandikwa.

Shangazi yako akauliza, "Huyo Hajulikani ni nani? Anakaa wapi?"

Akaniomba nimwimbie ulivyouandika mwisho, nami nikamwambia ukweli, kwamba mwisho umekatwa. Akasimama, akamshukuru mama yako kwa chakula, akaenda zake kwake. Tangu siku hiyo hajakanyaga boma letu, na sokoni Thika ameniuzia mbaazi kama anavyomuuzia mtu yeyote.

Mbaluka, ulipokuwa na surua nami niko Ruiru, mama yako akiwa amelala kwa homa, aliyekubeba mgongoni siku tisa ni Syombua. Wimbo ule aliutunga msimu ule ule, akipura na wewe mgongoni. Jina la baba yake, alilolitia mwishoni, ndilo tulilokupa wewe. Kwa hiyo kisu kimekata watu wawili. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na siku zote nilidhani wanasema juu ya mtoto wa mtu mwingine.

Jibu upesi.

Baba yako,
Munyao


Ruiru
13 Mei 1956

Mwanangu,

Nakusalimu. Ni wiki tano sasa na sijapata neno lako. Mama yako anadhani u mgonjwa. Mimi nadhani una haya, na haya si mbaya, ila isikae muda mrefu.

Nakuandikia kwa sababu jambo limetoka. Ngoma haziruhusiwi siku hizi bila kibali, lakini hakuna sheria inayofunga mdomo wa mtu anayepalilia. Shangazi yako ametunga wimbo, na wimbo huo ni wewe. Ulianza Ngoliba. Wiki iliyofuata ulikuwa kambi ya mkonge. Juzi niko kwenye mizani hapa Ruiru, napima kahawa, nikasikia wachumaji wanautia kwenye mistari ya mibuni. Anayeongoza ni Wamboi, mke wa Githinji, ambaye Kikamba hajui hata cha kuomba maji. Nilimuuliza anajua anaimba nini. Akaniambia, "Karani, maneno sijui, lakini huyu Mbaluka amekosea mtu."

Maneno yake kwa Kiswahili ni kama haya:

Mbaluka alivuka maji na wimbo wangu mfukoni,
wakamuuliza ni wa nani, akasema ni wa Hajulikani.
Ni Hajulikani aliyekubeba siku za surua?
Ni Hajulikani aliyekutafunia njugu huna meno?
Basi mimi ndimi Hajulikani. Ni mimi Syombua, mtoto wa Mbaluka.

Beti ziko sita, na ya nne siwezi kuiandika kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Nimeiandika kwa solfa tu, maneno ni yale matusi ya zamani ya mashambani, utayakumbuka mwenyewe ukifika kwenye tuni. Yote iko nyuma ya karatasi. Naona aibu ninapopita, lakini nikiwa peke yangu kwenye baiskeli nimejikuta nauimba. Ni wimbo mzuri, ashukuriwe Mungu na asamehewe dada yangu.

Baba yako,
Munyao


Chuo Kikuu, Uingereza
20 Mei 1956

Mpendwa Baba,

Nawasalimu kwa unyenyekevu. Mwili wangu ni mzima. Barua yako ya Aprili ninayo, na nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vya mtihani. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa naandika udhuru.

Ukweli ni huu. Nilijua wimbo ni wa Shangazi. Fomu ya kazi ilikuwa na nafasi ya jina la mtungaji, na Profesa akasema niandike "hajulikani", kama inavyoandikwa kwa nyimbo zote za watu wetu. Ningeweza kumwambia. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kwenye karatasi ile ile kulikuwa na majina ya watu waliozikwa makanisani kwa heshima, na niliona haya kumweka kando yao mwanamke anayeuza mbaazi Thika kwa kikombe. Nikaandika, nikatia sahihi. Halafu nikaketi kuwaandikia ninyi shukrani kurasa mbili.

Wiki iliyopita nilienda kwa Profesa nikamweleza yote. Aliniuliza kama huyo mama yuko hai. Nikasema yuko hai, na amekasirika. Akavua miwani, akasema, "Miaka thelathini nimeandika neno hilo chini ya nyimbo za watu. Sijawahi kuuliza."

Alinihurumia, lakini huruma si kanuni. Nilikuwa nimetia sahihi maneno ya uongo, kwa hiyo kazi yangu imeondolewa. Wenzangu watavaa majoho Julai, mimi sitavaa. Naruhusiwa kuleta kazi nyingine mwisho wa Agosti, na ikiwa tuni ni ya mtu aliye hai, niwe na idhini yake. Ufadhili wangu unakwisha Juni, ila nimepata kazi ya kuosha vyombo jikoni hospitalini, na chumba nitapata huko huko.

Baba, niombee kwa Shangazi. Naomba aniruhusu niurudishe wimbo wa mbaazi, mara hii na mkia wake wote na jina lake juu ya langu. Akikataa nitaelewa.

Mwanao aliyekosa,
Mbaluka


Ruiru
10 Juni 1956

Mwanangu,

Salamu za nyumbani, na mara hii ni za nyumbani kweli, maana hata shangazi yako ametia neno.

Barua yako niliisomea chini ya paa lake. Sikuongeza wala sikupunguza. Uliposema uliona haya kumwandika mwuza mbaazi, nilisita, naye akaniambia soma. Nilipofika pale pa kuondolewa kwa kazi yako aliacha kuchambua kunde. Mwishowe akasema niandike hivi: "Wimbo uliokatwa mkia haurudi zizini. Ule nimeuacha. Akitaka wimbo achukue huu niliomtungia yeye, beti zote sita, na auimbe kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya hao watu."

Mama yako alimwambia hiyo ni adhabu. Akajibu kuwa ni idhini, na kidole chake cha gumba kiko kwenye karatasi niliyoambatisha, na wino, na mimi shahidi.

Lakini naona kwenye barua yako huutaji wimbo huo. Je, barua yangu ya tarehe 13 Mei hujaipata? Nadhani najua ilipo. Niliitwa Thika wiki iliyopita kwa hao wafungua barua. Karani wao aliweka ile solfa mezani, d na r na m na nukta zake, akaniuliza ni maneno ya siri ya nani. Nikamweleza. Hakuamini. Basi nikasimama, mzee mzima na kofia mkononi, nikamwimbia wimbo wa kumtukana mwanangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliniomba nirudie ubeti wa pili. Akagonga muhuri, na natumaini sasa iko njiani.

Mwanangu, mimi sina elimu ya kupima kazi yako, ila nakushukuru kwa kwenda kwa Profesa kabla hujaulizwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Osha vyombo, utunge.

Baba yako,
Munyao


Hospitalini, Uingereza
2 Julai 1956

Mpendwa Baba,

Nakusalimu nikiwa na mikono iliyokunjamana kwa maji ya sabuni, lakini ni mzima. Kifua? Mama? Githinji ameruhusiwa kurudi kuimba?

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Mei ikiwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa utepe, na ya Juni ikiwa na kidole cha Shangazi. Nilizisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi. Niliimba ubeti wa kwanza, nikacheka. Ubeti wa tatu nikalia. Ubeti wa nne maneno nimeyakumbuka, Baba, na sitayaandika mimi pia.

Mwambie Shangazi kwamba namshukuru. Asidhani nasema kwa kujipendekeza. Miaka mitatu hapa watu wamekuwa wakarimu kwangu, wananipa chai, wanauliza kama nasikia baridi. Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu hatungiwi wimbo wa kumsuta na watu ambao si wake. Nikiwaza kwamba Wamboi ananiimba kwenye kahawa ya Ruiru, mwanamke nisiyemjua uso, najiona nimeshafika nyumbani nusu.

Nimeanza kuuchambua kama tunavyofundishwa. Nimeona jambo ambalo sikuliona katika ule wa kwanza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukata. Mafungu matatu ya mwisho si mabaki. Tuni yote tangu mwanzo inayakimbilia hayo. Ukiyaondoa, sauti zilizobaki hazijui zinakwenda wapi. Nimemwonyesha Profesa. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasema kwa hiyo mwaka huu tulikosea wawili.

Zile hatua tano za sambamba nimeziacha kama Shangazi na Kalondu wanavyoziimba. Kalamu nyekundu ije tu.

Mwanao,
Mbaluka


Uingereza
30 Septemba 1956

Mpendwa Baba, na Mama, na Shangazi mkiwa hapo,

Nawasalimu nyote. Sina ugonjwa, sina deni la usingizi, na nina digrii.

Iliimbwa tarehe 19, mbele ya watahini watatu na watu kama arobaini. Nilisimama mbele nikaongoza mwenyewe, kwa Kikamba, beti zote sita. Karatasi ilikuwa na tafsiri, kwa hiyo kila mtu alijua natukanwa na nani na kwa kosa gani. Ubeti wa nne bibi mmoja alikohoa. Kwenye mwisho wa kila ubeti nilisimamisha fidla zote, pinde juu, nikamtaja Syombua mtoto wa Mbaluka katika kimya. Mara ya kwanza watu walidhani tumekosea. Mara ya sita hakuna aliyepumua kabla sijamaliza.

Mtahini mmoja aliweka alama kwenye zile hatua tano. Profesa, aliyenikata alama mwaka mzima kwa hizo, alimwambia kuwa mtungaji wa tuni ameziruhusu.

Karatasi ya tamasha naambatisha. Baba, usiisome. Mpe Shangazi aishike yeye, halafu umwonyeshe mstari wa kwanza kwa kidole. Mimi niko mstari wa pili.

Chuo cha walimu wameniandikia kwamba nafasi ipo, na watanipokea hata nikichelewa muhula kidogo. Nimeweka jina kwa meli ya Desemba.

Shangazi, asante kwa siku tisa za surua. Asante kwa wimbo wa kwanza nilioukata na wa pili ulionikata mimi. Nilikuwa na deni la kusema haya tangu Februari.

Mwanenu,
Mbaluka


Ruiru
4 Novemba 1956

Mwanangu Mbaluka,

Salamu nyingi, na pongezi zisizo na kipimo, ingawa kupima ndiyo kazi yangu. Mama yako amecheza peke yake uani, nami sikuona, nilikuwa nimegeuka. Githinji amepata karatasi yake na Jumapili tuliimba sauti nne. Watu wa kwaya wanasema digrii hii ni yao, na sikuwakatalia.

Karatasi nilimpa shangazi yako kama ulivyosema. Alifuata herufi za jina lake kwa kidole, kuanzia upande usio wake, nikamgeuzia. Akauliza kama ndivyo Syombua anavyoonekana. Nikasema ndivyo. Akasema ni mrefu kuliko alivyodhani. Ameikunja ameiweka kwenye kibuyu cha mbegu, mahali ambapo panya hawafiki.

Furaha hii imekuja na msiba ambao sikutaka kukuandikia kabla ya matokeo. Kalondu alituacha mwezi wa Agosti. Alilala akikohoa siku nne tu. Miaka ishirini na sita ndiye aliyekuwa akimwitikia shangazi yako. Huyu akitoa, yule anapokea, hata wakiwa mashamba tofauti. Tangu tumzike, Syombua hajaimba neno. Shambani wanawake wamejaribu kumpokea, wanaimba vizuri, lakini ananyamaza katikati na kuendelea kupalilia. Ngui bila wa kumwitikia ni mtu anayezungumza peke yake, na yeye hataki kuonekana hivyo.

Jana nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, jambo ambalo hajalifanya tangu Pasaka. Alisema ana wimbo mpya kifuani, wa Kalondu, na hauwezi kutoka. Kisha akaniambia nikuulize swali, nami nakuuliza kama alivyolisema.

"Huko alikokwenda kusoma kutunga, walimfundisha kuitikia?"

Baba yako,
Munyao


Uingereza
18 Novemba 1956

Kwa Shangazi Syombua, Ngoliba
(Baba atakusomea)

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia wewe, na nimeona haya kulihesabu hilo. Pole sana kwa Kalondu. Namkumbuka akicheka huku fimbo iko juu, wewe ukimkataza kwa macho. Nimemlilia huku, jikoni, wenzangu wakidhani ni vitunguu.

Umeuliza kama nimefundishwa kuitikia. Hapana, Shangazi. Nimefundishwa kuandika sauti ishirini kwenye ukurasa mmoja na kuziambia zote la kufanya. Kukaa nyuma ya mtu, nikasikiliza atakapokwenda kabla hajakwenda, nikampokea asianguke, hilo hakuna aliyenifundisha, na sikujua kwamba silijui mpaka ulipouliza.

Mfereji wa Misri umefungwa kwa vita, kwa hiyo meli itazunguka Afrika yote. Nitafika mwisho wa Januari. Chuo cha walimu kinaanza Februari, na kutoka Thika hadi kwako ni baiskeli tu. Jumamosi ya kwanza nitakuja shambani na jembe. Ukianza nitajaribu kukupokea. Nikikosea, simama, unirudishe mwanzo mbele ya wote, nami nitarudia.

Wimbo wa Kalondu uweke mpaka nifike. Asante kwa kuniuliza.

Mwanao,
Mbaluka